Hatua Sabini kwa Sabini, Macho Umefumba

Watu wa Malampaka siku hizi hawataki mlango. Wanataka mlango wa CNC. Ukimwuliza mteja CNC ndiyo nini, atakwambia ni ule wenye maua. Mimi maua nimeyachonga kwa patasi katika mji huu miaka nenda rudi, nayo yaliitwa maua, basi. Leo mteja anaingia karakana, salamu hajaimaliza, simu imeshatoka mfukoni: mlango wa mkongo, jogoo katikati, mizabibu imepanda pembeni hadi juu. Mizabibu! Malampaka hii, ambako zabibu tunaifahamu ikiwa ndani ya chupa.

"Fundi, nitengenezee kama huu. Lakini uwe wa CNC, usiwe wa mkono."

Namtajia bei, ananitazama kwa jicho la mtu aliyeibiwa, anaondoka. Siku si nyingi namwona stendi anapokea mlango wake kutoka kwenye keria ya basi la Mwanza. Jioni ananipigia simu mimi, yule yule wa mkono, nikaufunge bawaba.

Mambo yalizidi tangu ujenzi wa SGR ya Mwanza–Isaka, zile kilomita 341, ulipoanza mwaka 2021. Reli ya zamani, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ilituletea wanunuzi wa pamba, na hakuna mnunuzi wa pamba aliyewahi kuuliza kama mlango wa gesti una jogoo. Hii mpya, treni yenyewe haijafika, wapangaji walishafika, na kila mwenye vyumba viwili vya kupangisha anaamini kwamba mpangaji hapati usingizi mpaka alale nyuma ya jogoo.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoingilia. Kijana amesoma ufundi umeme, amerudi nyumbani kusubiri ajira, na kusubiri ajira ni kazi inayomaliza unga. Akasimama mlangoni mwa karakana, akaniamkia, akasema: "Mjomba, hiyo mashine tunaitengeneza wenyewe. Kompyuta ninayo, mbao unazo. Imebaki mota."

Ilibaki mota, na mpaka leo imebaki mota.

Nieleze kidogo, maana kijiweni kila mtu anasifu kompyuta kana kwamba ndiyo inayosukuma mbao. Kompyuta katika jambo hili haina shida wala haina sifa. Ni bodi ndogo ya Arduino inayokaa kwenye kiganja, ndani yake kuna programu inayoitwa GRBL, ambayo Mnorwei mmoja, Simen Svale Skogsrud, aliianzisha mwaka 2009 akaiachia dunia bure. Unaipa jogoo wako akiwa amegeuzwa kuwa mistari ya maagizo, nenda hapa, shuka kiasi hiki, rudi pale. Yenyewe inatoa mapigo madogo ya umeme. Mapigo yanaingia kwenye draiva, draiva inayageuza kuwa umeme wenye nguvu, umeme unaingia kwenye koili za mota, mota inazunguka. Mpaka kwenye draiva kila kitu ni cha bei ya soda na chapati. Kuanzia kwenye draiva, andaa ndama.

Mota yenyewe wanaiita stepa. Hapa kwetu mtu akitaka kupima ekari bila kamba, anatembea hatua sabini kwa sabini, na wote tumekubaliana kwamba hiyo ni ekari, hata kama mguu wa shemeji yangu unatoa ekari kubwa kuliko ya serikali. Sasa mchukue mpimaji huyo, mfumbe macho, mwambie: nenda hatua sabini, geuka kulia, nenda sabini tena. Akijikwaa kwenye kisiki hatua ya thelathini, akabaki pale pale, hesabu haisimami: thelathini na moja, thelathini na mbili. Ikifika sabini anatangaza amefika, wakati wewe unamwona amesimama katikati ya pamba ya jirani. Hiyo ndiyo stepa. Inatii kila pigo inalopewa, na haijui kama imefika.

Kwa hesabu ni kitu cha kupendeza kabisa. Ndani ina kisumaku chenye meno 50, na mzunguko mmoja umegawanywa hatua 200, kila hatua digrii 1.8. Draiva inaweza kuikata kila hatua vipande 16, ukapata vipande 3,200 kwa mzunguko. Mpwa wangu aliponieleza hayo nilivua kofia. Kipimo cha namna hiyo mimi na futi yangu ya chuma hatukiwezi. Lakini uliza likitokea la kutokea. Stepa ikishindwa na mbao haikosei hatua moja ya kistaarabu. Koili zake zinajirudia kila baada ya hatua nne, kwa hiyo inapoteleza huruka hatua nne nzima ndipo ishike tena. Kwenye mashine yetu, yenye puli ya meno 20 inayovuta mkanda milimita 40 kwa mzunguko, hatua nne ni milimita 0.8. Sema ni kidogo. Iteleze mara kumi ndani ya jogoo mmoja, uniambie.

Jogoo wetu wa kwanza kichwa kilihamia upande wa bawaba. Shingo ilibaki ilipo. Mke wangu akaja kutazama, akauliza kwa upole kama huyo amechinjwa tayari.

Basi tukaanza kumtafuta mchawi. Mchawi wa kwanza yuko kwenye karatasi ya muuzaji. Ukinunua stepa wanakutajia nguvu yake kwa fahari kubwa, na hakuna anayekwambia kwamba nguvu hiyo imepimwa mota ikiwa imesimama. Ikianza kuzunguka inapungua, na kadiri unavyoongeza kasi inazidi kupungua, kwa sababu koili haijai umeme papo hapo. Inautaka muda wake, na ukiwa na haraka, kabla haijajaa tayari umeme unageuzwa upande wa pili. Kwa hiyo mota niliyoinunua kwa sifa ya kusimama imara inasimama imara kweli. Tatizo sikuinunua isimame.

Dawa yake, akasema mpwa, ni kuongeza volti. Nikasoma lebo ya mota: imeandikwa volti tatu na kitu. Yeye ameiwekea pawa saplai ya volti 24. Nikamwambia: mwanangu, mimi sijasoma umeme lakini hesabu ya tatu na ishirini na nne nimeisoma. Akacheka. Kumbe draiva ndiyo inayobana: inaufungulia umeme kwa nguvu koili ijae haraka, ukifika ampea zilizopangwa inakata, inafungua, inakata, maelfu ya mara kwa sekunde. Ndiyo maana mota inapiga kelele hata isipofanya kazi. Na joto! Inasimama tu, haisogezi kitu, ukiishika inakuunguza, maana umeme wa kushikilia haukatiki. Luku ninanunua mimi.

Kelele hizo nazo zilituletea balaa lake. Hatua zikiwa 440 kwa sekunde, mota inatoa sauti ile ile ambayo wanamuziki hulinganishia vyombo. Mpwa wangu alipoligundua hilo, kazi ikasimama. Jioni nzima stepa zinaimba nyimbo za harusi, watoto wamejaa mlangoni, na kitanda cha mteja kimeegemezwa ukutani kinasubiri miguu. Nikauliza kama kuna wimbo wa kumaliza oda. Hakuna.

Draiva nazo ni viumbe dhaifu. Zile ndogo tulizoanza nazo, A4988, ni za ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na zina mwiko mmoja: usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewashwa. Koili ikikatiwa ghafla inarusha volti za kufa mtu, na anayekufa ni draiva. Kijana mmoja wa bodaboda aliingia kushangaa, akaona waya umelegea, akauchomoa ili aurudishe vizuri. Roho nzuri kabisa. Hapakuwa na moshi hata wa kulilia. Tukahamia TB6600, kubwa zaidi, za bati na mapezi ya kupooza joto, na bodaboda siku hizi wanaegesha ng'ambo ya barabara.

Mchawi wa pili simtaji, kwa sababu ni jirani na tunazikana. Ni fundi wa kuchomelea mageti. Yeye akigusisha kijiti chake kwenye chuma, cheche zikilia tu, mashine yetu inasimama katikati ya mzabibu na kuandika kwenye kompyuta kwamba imegonga mwisho wa reli. Haijagonga chochote! Iko katikati! Tulimtuhumu mtoto, tukaituhumu programu, tukamtuhumu panya. Kumbe nyaya zetu ndefu zinazokwenda kwenye swichi za mwisho zinaokota mshtuko wa umeme wa jirani, na bodi inadhani swichi imebonyezwa. Tena akianza kazi, volti za mtaa zinashuka, taa zinapepesa, stepa inalegea na kuteleza. Kwa hiyo kila geti jipya la Malampaka lina kipande cha jogoo wangu ndani yake.

Dawa ipo, na mpwa wangu anaijua: nyaya zenye ganda la kukinga, nyaya za mota zisilale pamoja na za swichi, kapasita ndogo kwenye kila swichi, na athi ya kweli. Hapo kwenye athi ndipo ninapotaka kulia. Udongo wetu wa mbuga ukinyeshewa ni tope linalovua viatu, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Fimbo ya athi tuliichimbia masika, ikashika vizuri. Ilipofika Agosti udongo ukajitenga nayo, fimbo ikabaki imesimama peke yake ndani ya ufa, haina mawasiliano na dunia. Dawa ya hapo ni maji. Basi asubuhi, wakati akina mama wanapita na ndoo kutoka kwenye foleni ya bomba, wananikuta mimi mzee mzima nanywesha chuma. Wananisalimia kwa adabu sana, adabu ile anayopewa mgonjwa.

Kijiweni hakukosi mtaalamu. Wetu aliwahi kufanya kazi kiwanda kimoja Dar es Salaam, na tangu arudi hakuna alichokiona hapa kikamridhisha. Akapita, akatazama mashine, akasema: "Mnahangaika na stepa? Stepa ni mchezo. Leteni servo."

Nakiri servo ina hadhi. Haitembei macho imefumba: mkiani ina kifaa kinachoitwa enkoda, kinachohesabu mzunguko kwa maelfu ya alama na kuripoti kila wakati iko wapi. Ukiisukuma inarudi mahali pake. Ukiishinda kabisa inasimama na kupiga alamu. Na ndiyo kubwa kwa umri katika kazi hii. John Parsons, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, ndiye aliyeanza kuwaza kuongoza mashine kwa namba. Jeshi la anga la Marekani likatoa fedha, na mwaka 1952 maabara ya servo ya chuo cha MIT ikaonyesha mashine ya kukata chuma inayofuata namba. Wao walianza na mota zinazojua zilipo. Sisi wa bei nafuu tulikuja nyuma na zisizojua.

Mimi kwa haraka zangu nikamwambia mpwa: mbona servo ziko tele hapa hapa, cherehani ya umeme ya yule mama wa sokoni imeandikwa servo ubavuni! Akanijibu kwa heshima kwamba ile inajua kasi, haijui mahali. Inajua inakwenda mbio kiasi gani, haina habari inakwenda wapi. Nikanyamaza, ila niliwakumbuka viongozi fulani.

Mwishowe rafiki yake wa Mwanza akatuazima servo moja na draiva yake, kubwa yenye kioo cha namba. Tulidhani tumeokoka. Kwanza servo inataka kufundishwa: kuna namba za kuipangia, itie bidii kiasi gani ikiona imepungukiwa, ijizuie kiasi gani ikikaribia. Ukizidisha bidii, inalipita lengo, inarudi, inalipita tena, meza nzima inatetemeka na vikombe vya chai vinatembea. Ukipunguza, inakuja kwa uvivu na mstari wa mzabibu unapinda. Mpwa alikesha nayo akaielewa. Kisha jirani akawasha mashine yake ya kuchomelea. Volti zikashuka, servo ikaona hii si hali ya kufanyia kazi, ikasimama na kuandika namba ya alamu. Tukaizima, tukaiwasha, jirani akagusa kijiti, alamu. Stepa ilikuwa inanipa jogoo mwenye kichwa pembeni. Servo ilinipa mbao tupu na namba. Tukairudisha kwa shukrani nyingi.

Maoni yangu ya fundi, ambayo hakuna aliyeyaomba, ni kwamba wanaoitukana stepa wanaiharakisha. Ipe kasi ndogo, ipunguzie uchu wa kuanza na kusimama ghafla, mkato uwe mwembamba wa milimita moja badala ya kuzamisha tano kwa mpigo, na itakwenda hatua zake sabini mchana kutwa bila kujikwaa. Kwenye mninga tulifika hapo. Umeme ukikatika inasahau iko wapi, hilo kweli, lakini swichi za mwanzo zinairudisha nyumbani ikaanze kuhesabu upya. Mkongo ndio uliotushinda. Mkongo ni mgumu, unachemsha biti, na kwa kasi inayofaa msimu wa pamba ungetukuta bado kwenye jogoo mmoja.

Ufumbuzi ulitoka kwenye takataka. Mpwa wangu ana ugonjwa wa kuokota printa mbovu, hasa zile za zamani za kupiga nukta, zinazolia kama zinachanwa. Ofisi zinazitupa, yeye anazibeba. Nilipomfokea alinitajia kijana wa Togo, Kodjo Afate Gnikou, ambaye mwaka 2013 pale Lomé alitengeneza printa ya kuchapa maumbo kwa kutumia mabaki ya kompyuta na skana. Nikamwambia Lomé ni mbali na stoo yangu. Lakini ndani ya kila printa ile mna stepa mbili nzima, ndogo, zenye adabu. Haziwezi kusukuma ruta, ile inayokata, ndani ya mbao hata kidogo. Zinaweza kusukuma penseli.

Akafunga stepa za printa kwenye reli za droo, akaweka penseli ya seremala mahali pa ruta, akalaza ubao wa mkongo chini yake. Mashine ikamchora jogoo, mizabibu, na mapambo yote ya Mwanza, mstari safi, pembe zote sawasawa, upande wa kushoto ukiwa ndugu pacha wa kulia. Penseli haina uzito wa kuisumbua mota, kwa hiyo haitelezi. Jirani akichomelea, mashine ikisimama, tunafuta kwa msasa na kuanza tena, mbao haijaharibika. Mchoro ukiisha nachukua patasi zangu nafuata mstari. Sehemu iliyokuwa ikinila muda ni kupima na kuchora. Kuchonga nakujua.

Mteja wa kwanza alikuja, akaukagua mlango kwa kucha, akanusa, akauliza: "Hii ni CNC?"

"Ni CNC," nikamjibu. "Kompyuta ndiyo iliyoongoza."

Akalipa bei ya CNC, ambayo ni ile ile ya mkono aliyoikimbia, na akaomba jogoo wa mlango wa uani aangalie upande wa pili ili wasipigane. Mpwa wangu aliona nimemdanganya mtu. Nikamwambia atafute mahali palipoandikwa kwamba mashine ikishika penseli inaacha kuwa mashine. Bado anatafuta, na akiwa anatafuta hanywi chai.

Hivyo nawatangazia watu wa Malampaka, Malya na Maswa mjini: mwenye printa ya zamani ya nukta, hata iliyoliwa na panya, asiitupe, ailete karakana tutaelewana. Mwenye servo abaki nayo mpaka mvua zinyeshe. Na wewe jirani wa kuchomelea, nakuomba, siku za oda ya mkongo anza kazi saa nane mchana.